Ilizima wapi? Nakuru na Molo kwa pikipiki ya marehemu baba

Msomaji mpenzi, ukishuka Nakuru kutoka Nairobi mwezi wa Januari au Februari, wa kwanza kukupokea ni vumbi. Usilalamike. Jina lenyewe la mji huu limetokana na lugha ya Kimaasai, na maana yake ni mahali pa vumbi. Ni vumbi jepesi, la rangi ya majivu, kwa kuwa asili yake ni milima ya volkano iliyolipuka zamani za kale katika Bonde la Ufa. Huingia viatuni, huingia katika chai na, kama utakavyoona hivi punde, huingia pia katika hesabu za mtu anayetafuta kasoro ya pikipiki.

Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1900, ikiwa njiani kwenda Ziwa Victoria. Kituo kikawa mji wa wakulima, mji ukawa makao makuu ya uliokuwa Mkoa wa Bonde la Ufa, na tarehe 1 Desemba 2021 ukatangazwa kuwa jiji la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Ukitaka kujua kwamba kweli ni jiji, simama kando ya raundabauti ya KFA saa mbili asubuhi. Utaona matatu, malori ya Uganda, mikokoteni na bodaboda, kila mmoja akidai njia ni yake.

Hapo ndipo pikipiki yangu iliponizimikia mara ya kwanza, katikati ya mzunguko. Haikukohoa wala haikutetemeka. Ilinyamaza tu, kama mtu aliyefungwa mdomo. Taa, honi, mshale wa kuonyesha chaji, vyote vilikufa mara moja. Nikashuka, nikaisukuma hadi pembeni huku nikipigiwa honi na kupewa majina ambayo mhariri hataniruhusu niyaandike hapa. Nilipofika pembeni nikapiga teke moja, ikawaka kana kwamba hakuna lililotokea.

Mtu mwenye busara angejiuliza swali moja wakati ule. Mimi sikujiuliza, na ujinga huo nusura umuue mtu.

Chuma alichoacha baba

Pikipiki yenyewe ni Triumph ya mwaka 1968, injini ya silinda mbili na sisi 650, iliyoundwa katika kiwanda cha Meriden, Uingereza. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1983. Marehemu baba alikuwa makanika wa matrekta katika shamba moja la ngano huko Njoro, na aliinunua mwaka 1978 baada ya kuweka akiba kwa miaka mitatu. Sisi watoto wake tulizaliwa tukaikuta. Tulijua sauti yake kutoka mbali, na mama alijua wakati wa kuinjika sufuria ya ugali kwa kuisikia ikipanda mlima.

Baba alipofariki, pikipiki ilifunikwa gunia. Miaka ikapita. Kisha kitindamimba wetu akapata nafasi katika chuo cha uuguzi, na karo ikawa kubwa kuliko mifuko yetu. Mama akaniita, akaniambia, “Mwanangu, baba yako aliniachia watoto na chuma. Uza chuma, usomeshe mtoto.”

Mnunuzi alipatikana Molo, mwalimu mkuu mstaafu ambaye ujanani alipanda pikipiki ya aina hiyo. Ndoto yake ni kuipeleka siku moja katika mashindano ya Concours d'Elegance, yale yaliyoanza Nairobi mwaka 1970, ambako magari na pikipiki za zamani hukaguliwa usafi na uzima wake katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Sharti lake lilikuwa moja: ije Molo kwa magurudumu yake, taa zote zikiwaka. Ikija juu ya pikapu, ataipima kwa kilo kama chuma chakavu.

Basi nikaondoa gunia, nikanunua betri mpya na kuanza kazi.

Kabla hatujaondoka mjini, acha nikueleze jambo moja. Vifaa vya umeme vya pikipiki nyingi za Kiingereza za enzi hizo viliundwa na kampuni ya Lucas. Mwanzilishi wake, Joseph Lucas, aliuza mafuta ya taa Birmingham katika karne ya 19, kisha akaanza kuunda taa zilizoitwa Mfalme wa Barabara. Wapenzi wa vyombo vya zamani, kwa kuchoshwa na taa zinazozimika usiku, wakambatiza jina jingine: Mkuu wa Giza. Nami nilipozimikiwa KFA nilimtupia Lucas lawama zote. Mwisho wa safari nilimwomba radhi.

Vumbi, na fundi wa kubahatisha

Nilipeleka pikipiki kwa fundi kijana wa bodaboda katika jua kali. Mimi nilimwambia kwamba “inazima”, naye akasema kwamba ni vumbi. Maneno yake yalikuwa na mantiki. Ndani ya injini hii kuna pointi, yaani vibati vidogo vinavyofungana na kuachana maelfu ya mara kwa dakika ili plagi zipate cheche. Vumbi likikaa kati yake, umeme haupiti. Akazifungua, akazipiga msasa, akazifuta kwa kitambaa kilicholowa petroli. Kisha akabadilisha plagi mbili. Kisha akaniuzia koili.

Laiti angeishia hapo! Alipokuwa akirudisha betri alifunga nyaya kama alivyozoea kwa pikipiki za siku hizi, ambazo upande wa hasi wa betri ndio unaofungwa kwenye fremu. Triumph ya wakati ule ni kinyume: upande wa chanya ndio unaokwenda kwenye fremu. Alipogusisha waya wa mwisho tulisikia “tik!” na fyuzi ikakatika. Fundi akaikasirikia. Mimi leo naishukuru, maana kama isingekatika, umeme uliogeuzwa ungeunguza rektifaya, kile kifaa kinachonyoosha umeme wa jenereta ili uweze kuingia kwenye betri. Msomaji, ukiwa na chombo cha zamani, andika kwa rangi chini ya kiti ni upande upi wa betri unaokwenda kwenye fremu. Andiko hilo la senti tano litakuokolea maelfu.

Siku hiyo nililipa shilingi 7,400. Ili kuijaribu, nikapanda Menengai.

Mgeni wa Nakuru asiyepanda Menengai ni kama aliyekwenda Mombasa asione bahari. Kilele chake kiko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, na ukisimama ukingoni unatazama shimo lenye urefu wa kilomita 12 na upana wa kilomita 8, limejaa mawe meusi ya volkano na vichaka, moshi mweupe ukipanda hapa na pale. Huo si moshi, ni mvuke, na mvuke huo sasa unazungusha mitambo ya kuzalisha stima. Geuka nyuma, na chini yako utaona mji wote na ziwa lake. Tangu mwaka 2010 hivi ziwa hilo limepanda na kutanuka hata likameza lango kuu la zamani la mbuga, na heroe wengi wakahamia maziwa mengine.

Katika kona moja kali karibu na kilele, pikipiki ikanyamaza tena. Nikasimama juu ya mlima unaotoa umeme wa taifa, nami sina wa kuwashia hata balbu moja. Niliposhuka na kuisukuma pembeni, ikawaka.

Kumbe si vumbi, nikajiambia. Basi ni joto. Koili ikipata joto hulegea, na injini ilikuwa imepanda mlima. Nikaamua kuipeleka mahali penye joto la kweli.

Joto la Mogotio

Ukitoka Nakuru kuelekea kaskazini, unapita Kabarak, kisha nchi inaanza kuteremka. Miti inapungua, mashamba ya mkonge yanaanza, na hewa inakuwa nzito kama ya jikoni. Karibu na Mogotio, kilomita kama 40 kutoka Nakuru, unavuka mstari wa Ikweta. Hapo watoto hupenda kupigwa picha mguu mmoja ukiwa kaskazini na mwingine kusini. Endelea, na utafika Ziwa Bogoria, takribani mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ambako maji ya moto huruka kutoka ardhini na wageni huchemsha mayai ndani yake. Bogoria, Nakuru na Elementaita ni maziwa matatu ambayo UNESCO iliyaweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Familia yenye siku moja tu ya mapumziko haiwezi kujuta kuifuata njia hii.

Jua lilikuwa kali, lami ilimeta kama maji, na injini ilikuwa ya moto hata nisingeweza kuigusa. Pikipiki haikuzima hata mara moja. Nilikwenda hadi Bogoria, nikaegesha, nikala mayai yangu, nikaisukuma nikaigeuza, nikarudi Nakuru. Iliimba njia nzima kama siku za baba.

Nilifurahi, na furaha ikanidanganya. Nikasema imepona. Nikampigia simu mzee wa Molo, nikamwambia nitafika Jumamosi.

Baridi ya Molo

Njia ya Molo ni kinyume cha ile ya Mogotio. Unatoka Nakuru kwa barabara kuu ya kwenda Eldoret, unapita Ngata na Sobea, unafika Salgaa, mji wa madereva wa malori, kisha unaanza kupanda: Migaa, Sachangwan, hadi Kibunja, unapoingia kushoto kwenda Molo. Nakuru iko karibu mita 1,850, Molo karibu mita 2,500. Katika mwendo wa saa moja unatoka kwenye vumbi na kuingia katika ukungu. Mashamba ya viazi na pareto, kondoo wenye manyoya mazito, watoto waliovaa kofia za sufu mwezi wa Julai. Reli ya kwanza ya kwenda Kisumu ilipita huku, na wajenzi wake waliteseka kwa mvua na matope ya Mau hadi walipofika ziwani Desemba 1901.

Mzee alinipokea kwa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Akaizunguka pikipiki mara tatu bila kusema neno. Akawasha taa, akapiga honi, akacheka peke yake. Akaniomba niiendeshe. Nikaenda hadi mwisho wa barabara ya murram na kurudi, nikigeuka upande wa kushoto kwa kuwa ndiko kulikokuwa na nafasi. Haikuzima.

“Kijana wangu,” akaniuliza, “ina kasoro yoyote ninayopaswa kujua?”

Nikafikiria KFA. Nikafikiria Menengai. Nikafikiria karo. Kisha nikafikiria njia ya Mogotio, nikapata kisingizio. “Mzee,” nikamjibu, “haina.”

Akanihesabia nusu ya pesa. Nusu nyingine angenipa Jumamosi iliyofuata, nikileta pikipiki pamoja na kitabu cha umiliki kilichokuwa kwa mama.

Nilitoka Molo saa kumi na moja na nusu jioni, pesa zikiwa kifuani. Nilifika Kibunja ukungu ukishuka. Ili kuelekea Nakuru ni lazima ukate kulia, uvuke upande wa magari yanayopanda, uingie upande wa yale yanayoteremka. Nikasubiri nafasi, nikaipata, nikakata usukani kulia. Katikati ya barabara, pikipiki ikanyamaza.

Hakukuwa na taa ya mbele wala ya nyuma. Hakukuwa na honi. Kutoka upande wa Mau Summit lori la kontena lilikuwa likiteremka, na dereva wake hakuwa na njia ya kuniona katika ukungu ule. Nilisikia honi yake kabla sijaliona. Sijui nilitoa wapi nguvu za kusukuma chuma kile. Upepo wa lori ulinipiga mgongoni kama kofi, na nilipofungua macho nilikuwa kando ya barabara, vijana wawili wa bodaboda wakinishika mabega.

Hawakunicheka. Mmoja alisema tu, “Shukuru Mungu, ndugu.”

Nilipiga teke. Nikapiga tena. Safari hii haikuwaka. Na pale nilipoketi juu ya jiwe nikitetemeka, sikuwa nikifikiria pikipiki. Nilikuwa nikimwona mzee wa miaka sabini na kitu, Jumamosi ile nyingine, akikata kona hiyo hiyo kwa furaha yake yote.

Mwanga wa taa ndogo

Wale vijana walinitafutia pikapu iliyokuwa ikirudi Salgaa tupu. Tuliteremka polepole kupitia Sachangwan gizani. Hakuna Mkenya wa umri wangu anayepita hapo bila kukumbuka tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipopinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Mteremko huu umezika wengi kabla na baada ya siku hiyo, hata ukuta wa zege ukajengwa katikati ya barabara. Dereva wa pikapu alizima redio mpaka tulipopita.

Salgaa usiku ni mji mwingine. Malori yamejipanga kando ya barabara kama ng'ombe zizini, mama wa chai wanapuliza makaa, na mafundi wa nyaya za malori hufanya kazi kwa mwanga wa tochi. Nilielekezwa kwa mzee mmoja mwenye koti la mvua na kisanduku cha mbao. Nikaanza kumweleza: vumbi, joto, baridi, ukungu, koili, plagi. Akainua mkono.

“Sikukuuliza imezimaje. Ilizima wapi?”

“Kibunja, Mzee.”

“Na kabla ya hapo?”

“Raundabauti ya KFA. Na kona moja ya Menengai.”

“Raundabauti unazunguka upande gani?”

“Kulia.”

“Kona ya Menengai?”

Nikafumba macho, nikaiona. “Kulia.”

“Kibunja?”

Sikujibu. Nilihisi damu ikinishuka miguuni.

“Na njia ya Mogotio, ukishatoka mjini, ina raundabauti ngapi?”

Alikuwa akitabasamu. Njia ya Mogotio kwa sehemu kubwa imenyooka, na pale Bogoria niliigeuza pikipiki kwa kuisukuma, injini ikiwa imezimwa. Barabara zote tatu zilikuwa zimeniambia ugonjwa, nami niliangalia hali ya hewa.

Yaliyofuata yalichukua dakika ishirini, na nakusimulia kwa utaratibu ili nawe uweze kuyafanya. Kifaa chake kilikuwa balbu ndogo ya taa ya nyuma iliyounganishwa na nyaya mbili. Basi. Waya mmoja aliubana kwenye chuma cha fremu kilichokwanguliwa rangi. Wa pili ukawa kidole chake cha kuulizia. Balbu haijali chanya wala hasi, kwa hiyo hufaa kwa chombo cha zamani na cha kisasa.

Akagusa ncha ya betri isiyofungwa kwenye fremu: balbu ikawaka. Maana yake betri ni nzima, na waya wake wa fremu ni mzima. Akagusa upande wa pili wa fyuzi: ikawaka. Fyuzi nzima. Akafungua taa kubwa ya mbele, akagusa mahali ambapo waya mkuu unafikia kile kipimo cha chaji: giza. Kati ya chini ya kiti na taa ya mbele umeme ulikuwa umepotea. Akaushika usukani, akaukata pole pole kushoto, balbu ikawaka kidogo kama macho ya mgonjwa. Akaukata kulia, ikafa.

“Sasa hatutafuti tena,” akasema. “Sasa tunathibitisha.” Akachukua kipande cha waya, akaunganisha kutoka kwenye fyuzi moja kwa moja hadi mbele, juu kwa juu. Taa ikawaka, honi ikalia, mama wa chai akashtuka.

Tukaondoa tangi la petroli. Chini yake, shingoni mwa fremu, pale usukani unapozungukia, nyaya zote zilikuwa zimefungwa kwa ukanda wa mpira wa tyubu, zimevutwa na kukazwa kwa fundo ambalo nililijua. Ni fundo ambalo baba alilitumia kufungia kila kitu, kuanzia mizigo hadi madirisha. Alilifunga ili nyaya zisisuguane. Lakini kwa kuwa alilikaza mno, kila usukani ulipokatwa kulia waya mkuu ulivutwa na kupindwa mahali pale pale, mwaka baada ya mwaka. Ganda lilikuwa zima. Fundi alipolipasua, ndani shaba ilikuwa ya kijani kibichi, nyuzi zake zimekatika zote isipokuwa mbili zilizokuwa zikigusana kwa bahati.

Nilikaa kimya. Mzee akanitazama, nadhani alielewa.

“Aliyefunga hapa alikuwa mtu makini,” akasema. “Ila waya wa shingoni haukazwi. Unaachiwa nafasi ya kupumua.”

Akaweka kipande kipya cha waya mnene, akakiunga kwa chuma cha kulehemu alichokipasha katika jiko la makaa la mama wa chai, akakizungushia tepu, akaacha kitanzi kidogo kilicholegea ili usukani ukatike huku na huku bila kukivuta. Nikaukata kulia mara hamsini. Taa haikupepesa. Alinidai shilingi 600.

Yafaayo kukumbukwa

Kabla hujafungua kisanduku cha spana, chukua kalamu. Andika chombo kilizimikia wapi, kikielekea wapi, kikifanya nini: kwenye kona, kwenye shimo, kikiwa moto, mvua ikinyesha. Mara tatu au nne zikifanana katika jambo moja, hapo ndipo pa kuanzia.

Kisha uliza ni nini kilichokufa. Vyote vikifa pamoja, usiguse plagi wala koili. Angalia njia ambayo vyote huitumia: betri, waya wake wa kwenye fremu, fyuzi, waya mkuu na swichi ya kuwashia. Taa zikiwa nzima lakini injini haina cheche, hapo ndipo zamu ya pointi, kondensa na koili. Taa moja tu ikifa, ni balbu yake, au kutu mahali inapokaa. Betri ikiishiwa kila siku mbili ilhali ni mpya, tazama jenereta na rektifaya. Na fyuzi ikikatika, usiifunge kwa karatasi ya sigara ili ufike nyumbani. Fyuzi ni mlinzi, na aliyemuua angali ndani.

Tengeneza pia taa ya kupimia kama ile ya mzee wa Salgaa. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuiunda, na atajifunza kuhusu mkondo wa umeme zaidi ya anavyojifunza ubaoni.

Asubuhi yake, Jumapili, sikwenda Nakuru. Nilipanda tena Sachangwan kwa jua la saa mbili, nikaingia Molo, nikamkuta mzee akitoka kanisani. Nikamweleza yote: KFA, Menengai, Kibunja, na lile neno “haina” nililomwambia. Nikamrudishia pesa zake mkononi.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama waya umetengenezwa. Nikamwambia ndiyo. Akapanda, akawasha, akaizungusha uani upande wa kulia, mara moja, mara mbili, mara tatu, kuku wakikimbia. Aliposimama alinirudishia zile pesa.

“Na hiyo taa yako ya kupimia,” akasema, “niachie.”

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea kitabu cha umiliki, pamoja na taa. Nilirudi kwa matatu. Dada yetu sasa yumo mwaka wake wa pili chuoni. Ule ukanda wa mpira wa tyubu, wenye fundo la baba, ninao hapa juu ya meza ninapoandika. Sijaufungua.